Alimdondosha mpwa wake kwenye sakafu, akarudi na kirikuu cha mbao

Kuna watu wakikosea wanaomba msamaha kwa maneno. Wapo wanaotuma muamala na ujumbe wa "kunywa hata soda", mambo yanaisha. Halafu kuna fundi seremala mmoja wa Mbagala. Huyu alikaa siku kumi na tisa dada yake hamsemeshi. Siku ya ishirini akatokea getini na kirikuu kimejaa mbao. Akashusha, akazipanga ukutani moja moja, akamlipa dereva, akaondoka.

Dada mtu alikuwa jikoni. Akachungulia dirishani, akarudi kwenye sufuria yake.

"Mjomba wenu kachanganyikiwa," alimwambia binti yake mdogo.

Lakini moyoni alishajua. Ukikua na seremala nyumba moja, ukiona mbao unajua zinaenda kuwa nini. Zile hazikuwa za kitanda wala kabati, na hakuna anayepiga kenchi za nyumba kwa karatasi nane za plaiwudi.

Turudi nyuma kidogo.

Nyumba yenyewe ni ya urithi. Wazee walipoondoka, watoto walikubaliana dada mkubwa akae pale na wanawe. Uani kuna nafasi, na bi mkubwa alikuwa na hesabu zake. Miaka miwili kauza vitumbua kila alfajiri, kacheza mchezo na wenzake wa mtaani, mpaka akamwaga jamvi la vyumba viwili vya kupangisha. Pesa ikaishia hapo. Jamvi likabaki wazi, futi 20 kwa 18, limesakafiwa vizuri, linasubiri tofali.

Sasa sakafu laini kama ile, kwenye nyumba yenye kijana wa miaka 19 na mjomba aliyewahi kupigana ngumi, unategemea nini?

Fundi anafanya kazi Keko, kule kwenye samani. Enzi za ujana wake, Rashid Matumla, yule Snake Man, ndiye aliyekuwa anasimamisha mji akipanda ulingoni, na kila kijana wa Temeke mwenye mikono miwili alikuwa anajiona ndiye anayefuata. Fundi alipanda ulingoni mara saba, akashinda nne, akaoa, akaacha. Glovu zilibaki juu ya kabati, lakini maneno hayakuacha. Ukikaa naye dakika kumi atakutajia Titus Simba na medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, kama vile alikuwepo. Hakuwa hata amezaliwa.

Dogo naye kaingia kwa mlango wa kizazi chake, yaani simu. Septemba 2018 alikuwa bado shule ya msingi wakati Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, video ikazunguka kila grupu. Mwaka 2022, Birmingham hiyo hiyo, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakarudi na shaba za Jumuiya ya Madola. Januari 2023 Karim Mandonga akaenda Nairobi na midomo yake yote, na akashinda kweli. Dogo aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba ngumi zinacheka, na kwamba zinalipa. Yeye alikuwa anaendesha boda ya mkataba, kila jioni hesabu kwa tajiri. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mlango mwingine, hata kama ni mdogo kama tundu la sindano, atajaribu kupita.

Basi kila jioni mjomba anatoka Keko, anashuka Rangi Tatu, anapitia kwa dada. Wanavua viatu, wanapanda kwenye jamvi. Kamba, kivuli, pedi. Baadaye wakaanza kupimana wenyewe kwa wenyewe. Bi mkubwa akawa anapita na ndoo yake anasema, "Nyie, hiyo sakafu ni simenti." Wanamjibu, "Tunajua, dada." "Tunajua, mama."

Walikuwa wanajua. Ila hawakuwa wameifikiria.

Ilitokea Februari 2025, siku ya joto kali. Sakafu ilikuwa imelowa jasho. Mjomba alirusha ngumi ya pembeni, ya kufundishia tu, wala haikuwa na uzito. Dogo akarudi nyuma kukwepa, kisigino kikateleza, akaenda chali. Kisogo ndicho kilichofika cha kwanza. Jirani aliyekuwa anaanua nguo anasema alisikia mlio, akadhani kuna mtu kaangusha nazi.

Alilala pale kwa muda ambao mjomba anauita dakika moja na bi mkubwa anauita saa nzima. Alipoamka aliuliza pikipiki iko wapi. Usiku akatapika mara mbili. Wakaenda hospitali, wakampiga picha ya kichwa, na kwa rehema za Mungu hakukuwa na damu ndani. Daktari akawaeleza kwamba ubongo umetikisika. Apumzike, asiendeshe boda mpaka aruhusiwe, na ngumi ya kichwa asiisikie hata kwa mzaha mpaka arudi kupimwa, kwa sababu kichwa ambacho hakijapona kikigongwa tena ndipo balaa linapoanzia.

Bi mkubwa alikuwa na sababu ya kuogopa mara mbili. Miezi miwili tu kabla, Desemba 2024, habari za bondia aliyefariki baada ya pambano hapa hapa Dar zilikuwa kila mahali. Aliziona kwenye simu ya binti yake, akasema "maskini, mtoto wa watu", akaendelea kukuna nazi. Sasa mtoto wa watu alikuwa amelala kwenye kitanda chake.

Getini, wakati wanarudi kutoka hospitali, alimwambia mdogo wake sentensi moja: "Ungeniulia mtoto kwenye sakafu niliyomwaga kwa vitumbua." Akafunga mlango. Hapo ndipo zikaanza zile siku kumi na tisa.

Hapa kuna kitu ambacho mashabiki wa ngumi wengi hatukiwazi tunapobishana vijiweni. Ngumi inaweza kukulegeza, lakini madhara makubwa yanaweza kuja pia pale kichwa kinapofika chini. Mkono una glovu, sakafu haina. Ndiyo maana ulingo unatengenezwa vile ulivyo: mbao chini, juu yake tabaka la kupunguza mshindo, halafu turubai lililovutwa. Kamba nazo zina historia yake. Machi 1963 kule Los Angeles, bingwa wa dunia Davey Moore alianguka kwenye pambano lake na Sugar Ramos, shingo yake ikagonga kamba ya chini. Alikufa siku chache baadaye. Hata kofia ya ngumi, ile ambayo akina mama wengi wanadhani ndiyo dawa, inasaidia zaidi kwenye michaniko kuliko kwenye mtikisiko wa ubongo. Ngumi za ridhaa za wanaume zenyewe ziliivua mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio ya 2016 wakapigana vichwa wazi.

Fundi alikuwa anayajua haya yote kwa mdomo. Zile siku kumi na tisa ndizo alizoyajua kwa tumbo. Mke wake anasema alikuwa anaamka usiku, anakaa kitandani, anapima hewa kwa mikono.

Siku ya ishirini na moja alirudi na begi la vifaa.

Hakuomba ruhusa. Hilo lilikuwa kosa jingine na alilijua. Ila alifanya kitu kimoja ambacho hakukisema kwa mtu: hakuligusa jamvi. Fundi mwingine angetoboa, angechimbia nguzo, angemwaga zege jipya juu ya lile. Yeye alitandika fremu juu yake kama mtu anayetandika mkeka kwenye nyumba ya watu. Mbao za mbili kwa nne, zile zilizotiwa dawa, zikapangwa kila baada ya futi moja ili sakafu isibonyee katikati. Plaiwudi nene juu. Ulingo wote futi 16 kwa 16. Kwa nini 16? Kwa sababu karatasi ya plaiwudi ni futi nane kwa nne, hivyo nane zinakaa kamili bila kukata hata moja. Ndani ya kamba zikabaki futi 13. Ulingo wa mashindano ya ridhaa ni mita 6.1 kila upande, karibu futi 20, kwa hiyo huu ni mdogo. Kwa mazoezi unatosha.

Ulingo wa ukumbini unainuliwa hadi usawa wa kiuno cha mtu ili watazamaji waone. Wa kwake aliuweka chini ya goti. "Hapa hakuna tiketi," alisema. "Mtu akitoka nje ya kamba, adondoke karibu."

Kazi ngumu ilikuwa nguzo. Ukikaza kamba kwenye nguzo nne, vichwa vya nguzo vinavutwa ndani na miguu inataka kukimbilia nje. Kama umezichimbia ardhini, ardhi inakushikia. Kama hujachimbia, lazima uzishike wewe. Akapitisha waya wa chuma chini ya sakafu, kona kwa kona, mguu unashikana na mguu wa ng'ambo. Akaweka na mihimili ya mshazari kila pembe. Na hakuna msumari hata mmoja kwenye fremu. Bolti na nati tupu.

Kamba zilikuwa nne, za manila, inchi 16 kutoka sakafuni, kisha 28, 40 na 52, kama sheria za ngumi za ridhaa zinavyotaka. Kila moja aliipitisha ndani ya mpira wa kumwagilia maua, akaizungushia sponji, akaifunga na kitambaa. Kila upande akaziunganisha kwa mikanda miwili ya wima, mtu asipenye katikati.

Dogo alikuwa anakaa kwenye kigoda anapiga msasa. Kupanda alikatazwa. "Mjomba, nijaribu kidogo tu," anasema. "Mjomba, kaa chini," anajibiwa. Ndivyo wanavyoitana wale, wote ni mjomba.

Bi mkubwa alikuwa anapita. Haongei. Siku ya kwanza hakukuwa na chai. Ya pili hakukuwa. Ya nne binti mdogo alitokea na kikombe na vitumbua viwili kwenye kisosi, akaviweka juu ya plaiwudi, akakimbia. Fundi alivitazama muda mrefu kabla ya kula.

Usidhani kila kitu kilienda sawa. Juu ya plaiwudi fundi alitandika magodoro matatu ya zamani aliyoyakusanya kwa ndugu, akavuta turubai la plastiki, akasimama katikati kifua mbele. Kupiga hatua tatu tu, mguu ukazama, kifundo kikapinda. Ilikuwa kama kupigana kwenye mchanga wa Coco Beach. Akamwaga maji kidogo kuona itakuwaje mtu akitoka jasho, turubai likawa utelezi kama sabuni. Sakafu laini sana inavunja miguu, na sakafu inayoteleza ilikuwa imeshafanya kazi yake mara moja kwenye nyumba ile. Akaking'oa chote. Magodoro yakarudishwa kwa wenyewe na maneno mengi. Akauza randa yake ya umeme, akanunua sponji ngumu, ile ya vipande vya rangi rangi vilivyogandamizwa, na turubai zito la kitambaa kama la kufunikia lori. Ile randa alikuwa ameitolea jasho miaka mitatu. Dada yake alikuja kuambiwa na mke wa fundi, kwenye msiba wa watu, tena pembeni.

Usiku wa siku hiyo, watu wamelala, bi mkubwa alitoka uani na tochi ya simu.

Alienda moja kwa moja kwenye jamvi. Akapiga magoti, akamulika chini ya ulingo, upande hadi upande. Alikuwa anatafuta tundu. Alitaka alione, ili asubuhi awe na la kusema. Alizunguka pembe zote nne. Hakukuwa na tundu. Hakukuwa na ufa. Chini ya kila mguu wa nguzo kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi, kilichokatwa vizuri, ili mbao isikwaruze sakafu yake. Akamulika bolti. Akaelewa kwamba kitu chote kile kinafunguka kwa spana.

Asubuhi fundi alipofika kumalizia kukaza kamba, alimkuta dada yake amesimama pembeni ya ulingo na nazi mbili zilizofuliwa, zile za vitumbua.

Hakumsalimia. Aliinua nazi ya kwanza mpaka usawa wa kichwa chake, akaiachia juu ya jamvi, kwenye ule ukingo uliobaki wazi. Ikapasuka, maji yakamwagika mpaka kwenye kandambili zake. Kisha akainua ya pili, akanyoosha mkono kupita juu ya kamba, akaiachia ulingoni. Ilitoa mlio mzito, ikaruka kidogo, ikabingirika hadi kona. Fundi akaiokota, akaigeuza geuza. Nzima.

Wakatazamana.

"Dada, kichwa si nazi," fundi alisema. "Nisikudanganye. Hapa nimepunguza. Sijamaliza."

Hilo ndilo lililomfungua mdomo. Labda angesema "sasa hakuna shida", angefukuzwa na mbao zake. Bi mkubwa alikaa kwenye ukingo wa ulingo, akaanza kutaja masharti kama mtu anayepangisha chumba. Hakuna kupimana mpaka daktari aandike. Hakuna mtoto wa jirani kupanda bila mzazi wake kuja kusema kwa mdomo wake. Wakati wa vitumbua, kimya. Zamu yake ya kupokea mchezo ni Desemba, na Desemba vyumba vinasimama, ulingo uwe umemalizika kutumika au haujamalizika.

"Saa nne tu naufungua wote," fundi alisema.

"Najua. Nimeona bolti."

Sharti la mwisho lilikuwa kengele. Ulingo hauna raundi bila kengele, na fundi alikuwa ameshaleta rimu la gari kuukuu, kama yale ya shuleni, alitundike kwenye mwembe. Dada yake akalichukua mkononi mwake, na ile nondo ya kugongea.

"Hii inakaa na mimi."

Masika ilipoanza Machi walikuwa wameshaweka mabati manne juu. Daktari alimruhusu dogo kurudi kwenye boda kwanza, ngumi baadaye sana. Kwa wiki nyingi alikuwa anapanda ulingoni kufanya kivuli tu, peke yake, na nyumba nzima ilikuwa inajua alipo kwa sababu mbao zile zinalia kama ngoma. Bi mkubwa anasema mwanzo kila mshindo ulikuwa unamkata tumbo. Siku hizi mshindo ukikatika ndipo anapochungulia.

Juni, siku ya kwanza ya kupimana tena, nusu ya mtaa ilikuwa ukutani. Dogo ndani, kijana mwenzake kutoka Chamazi upande wa pili, mjomba katikati. Bi mkubwa amekaa kwenye mbuzi yake anakuna nazi, rimu limening'inia kichwani pake, nondo mapajani. Raundi ya kwanza ilienda dakika tatu kamili. Ya pili, kijana wa Chamazi akampeleka dogo kwenye kamba, akamwagia ngumi tatu, ya tatu ikapita kweli. Dogo akatikisa kichwa, akainua mikono, akarudi katikati. Watu ukutani wakapiga kelele aendelee.

Rimu likalia.

Vijana wakashusha mikono. Fundi akatazama simu yake, akamgeukia dada yake taratibu, kwa adabu zote.

"Dada, bado sekunde hamsini."

"Hizo ziko kwenye simu yako," bi mkubwa alisema, akaendelea kukuna nazi.